SAFARI YA USIKU KWENDA KUMWONA ASKARI



Mhariri ameniomba nichangie kurasa chache katika toleo hili la mkutano wetu, akanitaka niandike habari za historia. Nimefikiri sana. Habari za mechi za mpira, za shamba la shule na za maharage yenye wadudu, wenzangu wamekwisha kuziandika katika matoleo yaliyopita, tena kwa ufundi kuliko nitakaoweza mimi. Basi nimechagua jambo moja tu, nalo ni safari yetu ya Agosti 1976, tulipopanda gari la moshi usiku kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam kuitazama sanamu ya Askari, tukarudi usiku uliofuata. Wengine mtaikumbuka kwa vituko vyake. Mimi naikumbuka kwa sababu ya kazi niliyotumwa na bibi yangu, na ambayo sikuweza kuitimiza.

Tulikuwa Kidato cha Tatu. Mwalimu wetu wa Historia alikuwa ametufundisha Vita Kuu ya Kwanza kwa muda wa majuma mengi, naye hakuridhika na kitabu. Alisema kwamba vita vya Wazungu vilifika hapa hapa kwetu: mwisho wa Julai 1916 majeshi ya Jenerali van Deventer, yakitokea Kondoa Irangi, yaliingia Dodoma na kuikamata stesheni tunayoijua sote. Akaongeza kuwa ukumbusho wa vita ile upo Dar es Salaam, na kwamba mwanafunzi wa historia asiyekwenda kuona kwa macho yake ni sawa na mpishi asiyeonja mchuzi. Kila mmoja akaambiwa alete nauli na posho yake.

Likizo ya Juni nilikwenda nyumbani Handali kutafuta fedha hizo. Bibi yangu mzaa baba alikuwa mzee wa miaka kama sabini hivi, akiishi katika kijiji cha ujamaa alikohamishiwa wakati wa Operesheni Dodoma mwaka 1971. Nilimweleza kwamba tunakwenda kuona sanamu waliyoijenga Waingereza kuwakumbuka Waafrika waliokufa vitani. Bibi alikuwa akichambua mlenda. Aliacha kazi yake, akaniuliza, "Na wapagazi wamo?"

Nikamjibu kwamba mwalimu amesema wamo.

Kesho yake akauza kuku wawili na jogoo, akanipa fedha zote. Akasema, "Baba yangu walimchukua kubeba mizigo ya Waingereza. Alikwenda upande wa Iringa, hakurudi. Ukifika, nitafutie jina lake. Kama wamemwandika, nitajua angalau kwamba kuna aliyemwona akifa." Akanitajia jina hilo mara tatu, nami nikaliandika nyuma ya daftari la Hisabati.

Tuliondoka siku ya Ijumaa jioni. Stesheni ya Dodoma ilikuwa imejaa watu, maana miaka mitatu nyuma, mwaka 1973, TANU ilikuwa imekata shauri la kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma, na kila gari lililoingia lilishusha mafundi, makarani na watafuta kazi. Tulipanda daraja la tatu, tukibanana na magunia ya karanga na vikapu vya zabibu. Tuliimba mpaka sauti zikatukauka. Gulwe, mwenzetu mmoja alishuka kununua mayai ya kuchemsha, akaanza kupatana bei kama aliye sokoni. Gari likaondoka, naye akalikimbilia akiwa na mayai kifuani. Tulimvuta kwa mikono na ukosi wa shati. Mayai yalipona yote. Mwenzetu huyo leo ni mtu mkubwa na sitamtaja, lakini akisoma hapa atajijua.

Wenzangu walipolala, mwalimu alibaki macho nasi wachache dirishani, akatusimulia habari za reli yenyewe. Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, mwaka uleule vita vilipoanza. Kabla ya hapo, mizigo yote baina ya pwani na Unyanyembe ilipita Ugogo juu ya vichwa na mabega ya watu. Misafara ilipumzika kwetu kwa ajili ya maji na chakula, na watemi wa Kigogo walitoza hongo kwa maji hayo, maana katika nchi kavu mwenye kisima ndiye mwenye amri. Reli ilipokuja, upagazi ule wa njia kuu ukafa.

"Kisha vikaja vita," alisema mwalimu, "na upagazi ukafufuka."

Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma walivunja madaraja ya reli ili maadui wasiyatumie. Farasi na ng'ombe wa Waingereza walikufa kwa mbung'o. Magari yalikuwa machache, na mvua iliyageuza njia kuwa matope. Kikabaki chombo kimoja tu cha kubebea risasi, unga na majeruhi: binadamu. Mwalimu akatupigia hesabu ambayo sijaisahau. Mtu mmoja abebe kilo 25 za unga, na kila siku ale kilo moja. Akitembea siku kumi kwenda na siku kumi kurudi, atakuwa amekula kilo 20 kati ya zile 25. Askari aliyeko mbele atapata kilo tano tu! Kwa hiyo kila askari mmoja alihitaji wapagazi kadhaa nyuma yake, na wapagazi hao walihitaji wapagazi wengine wa kuwabebea chakula chao. Ndiyo maana, kwa muda wote wa vita, Waingereza peke yao walitumia wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja. Wanahistoria wengi hutaja vifo karibu 100,000, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi na njaa.

Wakati huo gari lilikuwa likipita Kidete na kufuata bonde la mto Mkondoa kuelekea Kilosa. Nje kulikuwa na giza tupu. Nilishika daftari langu mfukoni nikafikiri: katika watu 100,000, mmoja ni wangu.

Alfajiri tuliiona milima ya Uluguru, na jua lilipokwisha kupanda tukaingia Dar es Salaam. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kuona bahari. Tulikunywa chai kwa chapati karibu na stesheni, tukapanga mistari miwili kama gwaride, tukaenda kwa miguu mpaka kwenye mzunguko wa barabara katikati ya mji, pale ambapo barabara inayoitwa leo Samora inakutana na Azikiwe.

Naye yule alisimama pale. Ni askari Mwafrika wa shaba nyeusi, amevaa sare za vita ile, ameinamisha bunduki yenye singe kuelekea bandarini, kama anayemsubiri adui. Sanamu hii ilichongwa na Mwingereza James Alexander Stevenson, ikasimamishwa mwaka 1927. Kabla ya vita mji huo ulikuwa na sanamu nyingine, ya Mjerumani Hermann von Wissmann, aliyeyapigisha vita majeshi ya Kijerumani pwani dhidi ya Abushiri na wenzake. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 wakaiondoa. Baadaye ilirudishwa Ujerumani, ikasimamishwa Hamburg, na huko wanafunzi wa chuo kikuu wakaiangusha mwaka 1968. Sanamu nazo zina maisha yake: hupandishwa na mwenye nguvu, na hushushwa nguvu inapohama.

Wenzangu walikuwa wakibishana kuhusu bunduki. Mimi nilizunguka kitako cha sanamu. Pembeni kuna picha za shaba za askari vitani na za wapagazi wenye mizigo, na kuna maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Maandishi hayo yanasema, kwa ufupi, kwamba huu ni ukumbusho wa askari Waafrika waliopigana, na wa wapagazi waliokuwa mikono na miguu ya jeshi, na wa wengine wote waliotumika na kufa kwa ajili ya mfalme wao na nchi yao katika Afrika ya Mashariki, 1914 hadi 1918. Mwisho yanaahidi kwamba mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Niliyasoma maneno hayo kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, nikazunguka tena. Nilitazama kila upande. Hapakuwa na jina hata moja. Nikamwendea mwalimu nikamwuliza kama majina yako mahali pengine. Alinyamaza kidogo, akaniuliza ninamtafuta nani. Nikamwonyesha nyuma ya daftari. Mwalimu akavua miwani yake, akaifuta, akasema, "Majina ya wapagazi hayakuandikwa hapa. Mengi hayakuandikwa popote."

Miaka mingi baadaye nilijifunza kwamba maneno yale yalitungwa na mshairi Mwingereza Rudyard Kipling, na kwamba yanaonekana pia katika kumbukumbu za namna hiyo zilizoko Nairobi na Mombasa. Kipling mwenyewe alimpoteza mwanawe wa pekee wa kiume, kijana wa miaka 18, katika vita hivyo huko Ufaransa mwaka 1915, na mpaka anakufa hakuuona mwili wa mtoto wake. Alijua basi uchungu wa kutafuta jina. Lakini jina la mwanawe lilichongwa katika jiwe. Babu yangu hakupata hata herufi moja. Sisemi haya kwa kumlaumu mzazi aliyefiwa. Nasema ili vijana waone kwamba katika vita hivyo hivyo, na katika jeshi la mfalme huyo huyo, mtu mmoja aliandikwa jina na mwingine aliandikwa "wapagazi".

Mchana tulipelekwa Makumbusho ya Taifa kuona mabaki ya Zinjanthropus kutoka Olduvai. Sikuyaona vizuri, mawazo yangu yalikuwa kwingine. Nakumbuka tu kwamba mwenzangu mmoja alinong'ona, "Huyu amekufa miaka zaidi ya milioni moja na nusu iliyopita, lakini ana jina." Tulicheka. Baadaye sikucheka tena.

Jioni, kabla ya kurudi stesheni, mwalimu akatupitisha Kariakoo. Jengo kubwa la soko lililobuniwa na msanifu wetu Beda Amuli lilikuwa jipya kabisa, limefunguliwa Desemba 1975, nasi tuliyashangaa mapaa yake yaliyopanuka kama miavuli. Lakini mwalimu hakutupeleka kwa ajili ya jengo. Alituuliza, "Neno Kariakoo maana yake nini?" Tukabuni majibu ya kila namna. Akatuambia kwamba ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, lililotamkwa kwa ulimi wetu. Hapo ndipo Waingereza walipoweka kambi ya wapagazi baada ya kuutwaa mji. Waliokusanywa bara waliletwa pale, wakahesabiwa, wakapewa blanketi, wakapelekwa kwenye mapigano. Waliobaki hai walirudi pale kulipwa.

"Askari wana sanamu," alisema mwalimu. "Wapagazi wana soko. Kila mama anayesema anakwenda Kariakoo kununua nyanya, anawataja bila kujua."

Usiku ule garini sikuimba.

Desemba nilikwenda Handali, na kila hatua ya njia niliionea uzito. Bibi alinipokea kwa "Mbukwa", akanipa ugali wa uwele, akangoja nile nimalize. Kisha akaniuliza. Nikamwambia kwamba nimeisoma sanamu pande zote, kwa lugha mbili, na jina halimo. Si lake wala la mwingine yeyote. Alitikisa kichwa polepole. "Basi hawakumwandika," akasema. "Nilidhani labda wenzake aliofuatana nao walimtaja."

Sikuwa na la kusema. Ndipo yeye mwenyewe akaanza kunisimulia, nami nikafungua daftari. Na hapo, ndugu wasomaji, ndipo nilipojifunza historia ambayo haikuwamo katika kitabu chetu.

Alisema kwamba kwanza Wajerumani walichukua ng'ombe na nafaka kulisha jeshi lao. Wakaja Waingereza, nao wakachukua ng'ombe na nafaka, kisha wakachukua wanaume. Mashamba yakabaki kwa wanawake, wazee na watoto. Mvua ikakosekana. Njaa iliyofuata, kati ya mwaka 1917 na 1920, Wagogo huiita Mtunya, yaani kunyang'anyana, kwa sababu mtu alimpokonya jirani yake hata kiganja cha nafaka. Bibi alikuwa binti wa miaka kama kumi. Walikula mizizi na mbegu za mbuyu. Walichemsha ngozi za ng'ombe walizokuwa wakilalia. Wadogo zake wawili walikufa. Mama yake alimpeleka kwa watu wa mbali akae nao kwa kubadilishana na chakula, na ndiyo sababu akaishi. Katikati ya njaa hiyo ikaingia ile homa kubwa ya mwaka 1918 iliyoizunguka dunia nzima, ikawakuta watu wasio na nguvu ya kuipinga.

Nilipofika chuoni niliona kwamba wanahistoria wameyathibitisha mengi aliyoyasema mzee huyu asiyejua kusoma. Makisio ya wakati ule ni kwamba katika Ugogo wenye watu 150,000 hivi, 30,000 walikufa. Hiyo ni sawa na mtu mmoja katika kila watano. Jaribuni kuhesabu darasani mwenu, vijana: kila wa tano asimame, atoke nje, asirudi.

Hao hawamo hata katika maandishi ya sanamu. Hawakuwa askari wala wapagazi. Walikuwa wake na watoto wa wapagazi. Vita viliwaua nyumbani mwao, na vingi vya vifo hivyo vilikuja baada ya bunduki kunyamaza Novemba 1918.

Mnamo Aprili 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilitoa taarifa ndefu, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba huenda idadi hiyo ikafika 350,000. Ilikiri pia kwamba ubaguzi ulikuwa sababu. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi Bungeni. Nilipoisikia habari hiyo nilimkumbuka bibi akichambua mlenda. Alikuwa ameuliza swali hilo hilo miaka arobaini na mitano kabla ya tume.

Bibi amekwisha kutangulia. Mwalimu wetu naye, Mungu amrehemu. Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme huenda kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam kwa saa zisizofika nne, na kijana wa leo anaweza kwenda kumwona Askari asubuhi na kurudi kulala bwenini bila kukesha Gulwe wala kukimbilia gari na mayai. Askari mwenyewe bado amesimama, singe yake bandarini.

Basi nina ombi moja kwa vijana wetu. Nendeni mkaione sanamu ile, lakini kabla ya kwenda ulizeni nyumbani. Wenye kuikumbuka Mtunya kwa macho yao wamekwisha wote. Waliobaki ni wajukuu na vitukuu waliosikia, na sisi wajukuu tumekwisha kuwa wazee. Ulizeni nani alichukuliwa, alikwenda upande gani, nani alibaki na njaa. Andikeni majina. Msingoje serikali yoyote wala tume yoyote. Sisi wanachama wa zamani tumekubaliana kununua daftari kubwa lenye jalada gumu liwekwe maktabani kwa kazi hiyo, na litakabidhiwa kwa Mkuu wa Shule siku ya mkutano wetu.

Ukurasa wa kwanza nimekwisha kuujaza. Nimenakili jina lile kutoka nyuma ya daftari langu la Hisabati la mwaka 1976, na chini yake nimeandika majina ya wale wadogo wawili wa bibi. Ukurasa wa pili uko wazi.

Wenu katika umoja wetu,
Mwanafunzi wa zamani, Kidato cha Tatu mwaka 1976